MFAMASIA WA KAGARAMA NA SAA 72 ZA ASKARI

Askari yeyote aliyepata kushika lindo la usiku anajua kwamba adui hapiti penye taa. Hupita pale mlinzi aliposinzia, au pale mlinzi alipo macho lakini hakufundishwa kumtambua apitaye. Katika vita dhidi ya virusi vya ukimwi liko lindo moja ambalo kwa muda mrefu hatukulihesabu miongoni mwa malindo yetu, nalo ni kaunta ya duka la dawa. Makala hii inahusu lindo hilo, na mafunzo anayostahili kupewa yule anayesimama nyuma yake.

Tuanze na kisa tulichokishuhudia wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika mji ambao hatutautaja, koplo mmoja wa kikosi tulichokuwa tukikitumikia alipewa ruhusa ya siku mbili. Jumamosi usiku, yapata saa nne, alilala na mwanamke ambaye hakuijua hali yake ya afya, na kondomu ikapasuka. Kulipokucha Jumapili alivaa nguo za kiraia, akaenda katika duka la dawa karibu na kituo cha mabasi. Hakwenda zahanati ya kambi, kwa sababu pale kila mtu alimjua kwa jina na kwa namba. Alimwambia muuzaji kwa sauti ya chini kwamba amepata ajali ndogo, na kwamba anataka kitu cha kusafisha damu. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu, wala hatumlaumu kwa nia mbaya. Alimwuliza swali moja tu: "Una kiasi gani, kaka?" Kisha akamfungia vidonge vya antibayotiki vya siku tano, akamtakia afya njema.

Koplo yule alivimeza vidonge vyote kwa utiifu wa askari. Alhamisi mchana alitujia ofisini, akafunga mlango nyuma yake.

"Afande," alisema, "nimeambiwa kuna dawa ya kuzuia. Je, bado naweza kuipata?"

Tulihesabu pamoja naye kwa vidole, mbele ya kalenda ya ukutani. Zilikuwa zimekwisha kupita saa zaidi ya 100. Dawa aliyokuwa akiiulizia haina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kwisha. Tulimpeleka kwa daktari siku ile ile, lakini daktari hakuwa na la kufanya ila kumpima, kumpa moyo na kumpangia siku ya kurudi. Kipimo cha siku ile kilionyesha kuwa hana virusi. Kipimo cha wiki sita baadaye kilionyesha kuwa anavyo.

Hatuwezi kuapa kwamba dawa ile ingemwokoa kwa hakika, maana hakuna dawa ya namna hiyo. Tunaloweza kuapa ni kwamba siku ya Jumapili asubuhi, saa zipatazo kumi tu baada ya tukio, koplo yule alisimama mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe, naye mtu yule hakujua la kumwuliza. Lindo lilikuwa na mlinzi, lakini mlinzi hakuwa amefundishwa.

SAA 72 NI NINI

Yafaa tueleze jambo hili kwa ufasaha, kwa kuwa askari wengi wanalisikia juu juu. Virusi vya ukimwi vinapoingia mwilini havienei siku ile ile. Mwanzoni hushika chembe chache mahali vilipoingilia, kisha husafiri hadi kwenye tezi, na baada ya hapo huenea katika damu na kujificha mahali ambapo dawa haiwezi kuvifikia vyote. Kati ya kuingia na kuenea upo muda mfupi. Katika muda huo dawa za kufubaza virusi zikianza kutumika, virusi vinaweza kuzuiwa visijenge makao. Tiba hiyo ya kinga baada ya hatari, ambayo wauguzi huiita PEP, huanzwa mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72, kisha humezwa kila siku kwa siku 28 bila kukatiza. Anayeianza baada ya saa 6 yu katika hali bora kuliko anayeianza baada ya saa 60.

Iko kinga nyingine ambayo hutumiwa kabla ya hatari, nayo huitwa PrEP. Hii ni kwa mtu asiye na virusi lakini ambaye maisha yake yanamweka karibu navyo, kama vile mume au mke wa mtu mwenye virusi ambavyo havijafubazwa. Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya na Uganda, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012, uliwahusisha wenzi zaidi ya jozi 4,700, mmoja ana virusi na mwingine hana. Vidonge vyenye dawa mbili vilipunguza maambukizo kwa asilimia 75 kwa kuwahesabu wote, waliovimeza sawasawa na waliosahau. Kwa anayemeza bila kukosa, kinga huwa kubwa zaidi ya hapo.

Basi dawa zipo. Linalobaki ni swali ambalo kila ofisa wa ugavi analifahamu: shehena imefika bohari kuu, je, itamfikiaje askari aliye mstari wa mbele?

KAGARAMA

Kisa cha koplo ndicho tulichokuwa nacho moyoni tulipofika Kagarama. Kagarama ni mojawapo ya kata 10 za wilaya ya Kicukiro, kusini mashariki mwa jiji la Kigali. Wenzetu wa Jeshi la Rwanda wanaijua vizuri sehemu hiyo ya jiji. Katika wilaya hiyo hiyo, huko Kanombe, ndiko iliko hospitali kuu ya kijeshi. Barabara inayoteremka kutoka Kicukiro kupitia Nyanza kwenda Bugesera ndiyo ipitwayo na anayekwenda Gako, kilipo Chuo cha Kijeshi cha Rwanda. Kwa hiyo upande huu wa Kigali haukosi vijana wenye nywele fupi na mwendo wa gwaride, waliovaa nguo za kiraia na kubeba mabegi madogo ya safari.

Kigali ni jiji la vilima, na maduka ya dawa yamepangwa kando ya barabara zake, yakiwa na alama ya msalaba wa kijani. Mtu huingia humo bila kuandikwa daftarini, bila kupanga foleni ya asubuhi, na bila kuulizwa ametoka kikosi gani. Mengi hubaki wazi hata jioni, wakati ofisi zimekwisha kufungwa. Kwa sababu hizo mtu mwenye aibu hukimbilia humo kwanza. Ataomba dawa ya kichwa, atazungukazunguka mbele ya kabati la vioo, atasubiri mteja mwingine atoke, ndipo atakapolisema lililomleta, au atakapoondoka bila kulisema.

Nchini Rwanda wafamasia husajiliwa na Baraza la Taifa la Wafamasia, na kazi ya kudhibiti dawa imekabidhiwa mamlaka maalumu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Wafamasia wa maduka ya mitaani wana chama chao. Mambo ya ukimwi kitaifa husimamiwa na Kituo cha Tiba na Utafiti cha Rwanda, kijulikanacho kwa kifupi kama RBC. Mwaka 2017 nchi hiyo ilianza kutumia vipimo vya kujipima mwenyewe, na maduka ya dawa ya Kigali yakawa miongoni mwa milango ya kwanza ambayo vipimo hivyo vilipitia kuwafikia wananchi. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba muuzaji wa dawa hawezi tena kuwa mtu wa kupokea fedha na kutoa pakiti tu. Hana budi kufundishwa kazi mpya.

JIJI LILIKOTOKA

Ili kuipima thamani ya kazi hiyo, tukumbuke Kigali ilikotoka. Ugonjwa huu ulitambuliwa rasmi nchini Marekani mwaka 1981. Mwaka 1983 madaktari waliokuwa wakifanya kazi katika hospitali ya Kigali waliwakuta wagonjwa 26 katika muda wa wiki chache tu, na mwaka 1984 wakauarifu ulimwengu kwa maandishi. Desemba 1986 Rwanda ilifanya uchunguzi wa damu wa nchi nzima, na majibu yake yalitisha: mijini walioambukizwa walikuwa asilimia 17.8, na vijijini asilimia 1.3.

Mwaka huo huo wa 1986 jambo hili liligonga mlango wa jeshi katika nchi jirani. Uganda ilikuwa imepeleka askari 60 nchini Kuba kwa mafunzo. Walipopimwa huko, 18 walikutwa na virusi. Kama Rais Museveni alivyosimulia mara nyingi, Fidel Castro alimweleza habari hiyo ana kwa ana walipokutana katika mkutano wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote mjini Harare. Askari 18 kati ya 60 ni karibu theluthi moja ya kundi. Kamanda yeyote anafahamu maana ya kupoteza theluthi ya kikosi kabla risasi haijalia.

Leo hali ni tofauti sana. Uchunguzi mkubwa uliofanyika Rwanda mwaka 2018 hadi 2019 ulionyesha kwamba kati ya watu wa miaka 15 hadi 64, wenye virusi walikuwa asilimia 3. Jiji la Kigali liliongoza nchi nzima kwa asilimia 4.3. Kati ya kila watu 100 wenye virusi, 84 walijua hali zao. Takriban wote waliojua walikuwa wakitumia dawa, na tisa katika kila kumi ya waliokuwa wakitumia dawa virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa hadi havionekani katika kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Huo ni ushindi mkubwa, nao ulipatikana kwa nidhamu.

Lakini hesabu hiyo hiyo inatuambia kwamba watu 16 katika kila 100 walikuwa na virusi na hawakujua. Hawa hawakuwa wamefika hospitali. Wengi wao ni vijana na wanaume, watu wanaojiona wazima na wasiopenda kuonekana kituo cha afya. Ni watu wa namna ya koplo wetu. Mahali wanapopita kila wiki, na kwa hiari yao wenyewe, ni dukani.

MFAMASIA ANAFUNDISHWA NINI

Mafunzo ya mfamasia katika kazi hii hayamgeuzi kuwa daktari. Yanamfundisha mambo machache, na kila moja lina uzito wake.

La kwanza ni kuuliza. Mteja anayetaka antibayotiki kwa sababu ya kukojoa kwa maumivu ana habari nyingine nyuma ya habari yake. Mwanamke anayefika Jumatatu asubuhi kununua kidonge cha dharura cha kuzuia mimba amekutana kimwili bila kinga mwishoni mwa juma. Mfamasia asiyefundishwa huona mimba tu. Aliyefundishwa hutambua kwamba saa 72 zinahesabika pia kwa jambo jingine, naye huuliza kwa upole: ilikuwa lini, na je, unajua hali ya mwenzako? Swali hilo la nusu dakika ndilo alilolikosa koplo.

La pili ni kujua saa. Mfamasia hufundishwa kuanza na saa kabla ya maelezo marefu. Ikiwa saa 72 hazijapita, hakuna kusubiri kesho. Kama duka halina ruhusa ya kutoa dawa hizo, mteja aandikiwe jina la kituo cha afya kilicho karibu, ikiwezekana apigiwe simu mbele yake, na aende sasa hivi.

La tatu ni kipimo cha kujipima. Kipimo cha mate hupitishwa kwenye ufizi wa juu na wa chini, kisha huwekwa katika kichupa cha maji yake, na jibu husomwa baada ya dakika 20 wala si baada ya 40. Mstari mmoja kwenye alama ya uhakiki maana yake hakuna dalili ya virusi. Mistari miwili maana yake ni lazima kwenda kupimwa tena na mtaalamu, kwani kipimo cha nyumbani peke yake hakimhukumu mtu. Mfamasia hana budi kueleza pia mambo ambayo karatasi iliyo ndani ya pakiti huyasema kwa herufi ndogo: aliyepata hatari wiki iliyopita anaweza kupata jibu la kumfariji ambalo si la kweli, na yafaa arudie kipimo baada ya miezi mitatu. Aliye katika dozi ya kufubaza virusi asijipime kwa kipimo hicho, kwani kinaweza kumdanganya akaacha dawa.

La nne ni kondomu zenyewe. Pakiti iliyokaa dirishani juani au katika mfuko wa nyuma wa suruali kwa mwezi mzima ni silaha yenye kutu. Muuzaji aangalie tarehe, aziweke mahali pa baridi, na asione haya kueleza namna ya kuzivaa.

La tano, ambalo sisi tunaliona kuwa kubwa kuliko yote, ni kufunga mdomo. Duka la mtaani lina majirani. Mfamasia akitaja jina la mteja mmoja kwa mtu mmoja, mtaa mzima utalihama duka lake, na wale aliotumwa kuwalinda watarudi gizani. Kwa hiyo hufundishwa kumsogeza mteja kando, kupunguza sauti, na kutotumia macho kuhukumu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Walisema kweli, lakini tuongeze kwamba aliyesemwa hadharani mara moja ndiye anayejifunza kuficha.

MAJARIBIO YA MAJIRANI

Msomaji anaweza kuuliza kama mambo haya yamepata kujaribiwa katika nchi zetu. Yamejaribiwa. Kati ya mwaka 2020 na 2021, watafiti nchini Kenya walichagua maduka ya dawa 12 ya binafsi katika kaunti za Kisumu na Kiambu. Wahudumu walifundishwa, wakapewa orodha ya maswali ya kumkagua mteja, na daktari akawekwa kwenye simu kwa ajili ya kuulizwa. Wateja 575 walikaguliwa, na 287 wakaanza kutumia PrEP pale pale dukani. Zaidi ya nusu yao walikuwa wanaume.

Lakini tusiwapambie wasomaji wetu habari. Baada ya mwezi mmoja waliorudi kuchukua dawa walikuwa zaidi kidogo ya nusu, na baada ya miezi saba walibaki kama mmoja katika kila watano. Baadhi walikuwa hawaihitaji tena, wengine walichoka, na wengine waliacha kisha wakarudi. Funzo ni kwamba mlango uliofunguliwa mtaani huingiza watu wengi, lakini kazi ya kuwafuatilia haifanywi na mlango.

Tanzania nayo ina somo lake la zamani zaidi. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, ulianza mpango wa kuyageuza maduka ya dawa baridi kuwa Maduka ya Dawa Muhimu, yaani kuwafundisha wauzaji wake, kuyapa leseni na kuyakagua, ili vijiji visivyo na mfamasia visibaki mikononi mwa wauzaji wasiojua wanachouza. Mpango huo ukaenea nchini. Somo lake ni la kiaskari kabisa: mafunzo bila ukaguzi huyeyuka. Muuzaji aliyefundishwa Januari na ambaye hakutembelewa tena, ifikapo Desemba atakuwa amerudi kwenye swali la zamani, "Una kiasi gani?"

Hapa ndipo penye ugumu wa jambo lote, wala si vema kuukwepa. Duka la dawa ni biashara. Mwenye duka hulipa kodi ya pango na mishahara, naye hupata faida kwa kuuza antibayotiki, wala hapati chochote kwa kumwelekeza mteja aende kituo cha afya. Tukimtaka asimame lindoni, yatupasa tujue atakula nini. Nchi zinazotaka wafamasia wafanye kazi hii lazima ziamue kama huduma hiyo italipiwa na bima, na serikali, au na mteja mwenyewe, na kwa bei gani. Mafunzo ya siku chache na cheti cha kutundika ukutani havitoshi kulijibu swali hilo.

YALIYOSEMWA KIGALI

Mwaka 2025 swali hilo liliacha kuwa la Kigali peke yake. Mwezi Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na huduma za ukimwi zilizokuwa zikiitegemea zikatikisika katika nchi nyingi za Afrika. Ndipo wengi walipoona hatari ya kujenga ngome yote juu ya nguzo moja iliyo mbali.

Julai 2025, kuanzia tarehe 13 hadi 17, wanasayansi wa ukimwi kutoka pande zote za dunia walikutana Kigali. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilitangaza papo hapo mwongozo mpya wa kutumia lenakapaviri, sindano ya kinga inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka. Katika majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini na Uganda, wasichana na wanawake 2,134 walipewa sindano hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa katika kipindi kilichoripotiwa mwaka 2024. Pamoja na sindano, Shirika lilishauri kwamba upimaji urahisishwe kwa kutumia vipimo vya haraka, ili kinga ya namna hiyo iweze kutolewa hata katika maduka ya dawa. Mwaka mmoja kabla, Julai 2024, Shirika hilo hilo lilikuwa limekwisha kushauri kwamba PEP nayo ipelekwe karibu na wananchi, na kwamba wafamasia wawe miongoni mwa wanaoruhusiwa kuitoa.

Kwa maneno mengine, maelekezo kutoka makao makuu yamekwisha kufika. Yaliyobaki ni utekelezaji katika ngazi ya kikosi, na kikosi chenyewe ni duka la Kagarama, la Kisumu, la Songea, la Mbarara na la Bukavu.

SISI TULIOVAA SARE

Kwa nini mambo haya tunayaandika katika ukurasa wa askari? Kwa sababu kazi yetu inatupeleka mbali na nyumbani, hutupa mshahara mikononi tukiwa vijana, na hutufunza kutoogopa. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliyatambua hayo tarehe 17 Julai 2000, lilipopitisha azimio namba 1308 kuhusu ukimwi na askari wa kulinda amani.

Kwa ndugu zetu wa polisi jambo hili lina sura nyingine tena. Anayebakwa hufika kituoni kwenu kabla hajafika kwa daktari. Saa zake zinahesabika tangu dakika ile ya uhalifu. Polisi wa Rwanda walilitambua hilo mapema: mwaka 2009, katika hospitali yao ya Kacyiru, walifungua kituo cha Isange, ambapo aliyedhulumiwa hupata daktari, mshauri na mpelelezi chini ya paa moja. Mahali pasipo na kituo kama hicho, konstebo wa zamu ndiye Isange. Maelezo yanaweza kuandikwa saa mbili baadaye, lakini dawa haisubiri maelezo. Aidha, askari aliyerukiwa na damu machoni katika ajali, au aliyechomwa na sindano wakati wa kumpekua mshukiwa, naye yumo katika hesabu hiyo hiyo ya saa.

Basi, ndugu askari, agizo letu ni fupi. Ukipata hatari, tazama saa yako kwanza, na aibu yako baadaye. Nenda kituo cha afya mara moja, na kama miguu yako imekupeleka duka la dawa, usiombe dawa ya kusafisha damu. Sema ukweli kwa mfamasia, umwambie ilikuwa saa ngapi, na uulize PEP inapatikana wapi. Akikujibu kwa antibayotiki, mshukuru, utoke, uende mahali pengine. Nanyi makamanda, mkitaka vijana wenu wasikimbilie mjini kwa nguo za kiraia, hakikisheni kwamba daftari la zahanati ya kambi linafungwa kwa ufunguo.

Koplo tuliyemtaja mwanzoni yu hai, yu mzima, na bado yumo kazini. Dawa zake humeza kila jioni, virusi vyake vimefubazwa, na mke wake, aliyepimwa mara nyingi, hana virusi. Alipojua kwamba tunaandika makala hii alituomba jambo moja tu, kwamba tusimseme vibaya yule kijana wa dukani. Alisema kijana yule hakuwa mtu mbaya, ila hakuna aliyepata kumfundisha.

Siku ile Kagarama, tukiwa tumesimama mbele ya duka moja lenye msalaba wa kijani, tulimwona kijana mwenye nywele fupi akiingia, akizungukazunguka mbele ya kabati la vioo. Mteja mwingine alitoka. Mfamasia aliweka kando alichokuwa akikiandika, akamsogelea hadi mwisho wa kaunta, akainamisha kichwa ili amsikie. Hatukusikia walichoongea, wala haikutupasa kusikia. Tuligeuka tukaendelea na safari yetu.